Almasi ya pinki ni ya Mwadui

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka vijana. Najua wengine mshanisikia nikiliongea hili hapa hapa Tabora na leo mtalisikia tena, maana juzi tu nimemuuliza kijana wa kidato cha nne ile almasi ya pinki ya Malkia Elizabeth ilitoka wapi, akanijibu India. India! Wakati ilitoka kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na Mwadui ni hapo tu, unapanda treni ya Mwanza unashuka Shinyanga, ushakaribia.

Jiwe lilipatikana Oktoba 1947, likiwa ghafi lina karati 54.5 (karati ndiyo kipimo cha uzito wa vito), na Novemba Elizabeth akaolewa, basi Dokta Williamson, yule Mkanada mwenye mgodi, akampa zawadi ya harusi. Likakatwa London 1948 likabaki karati 23.6, yaani zaidi ya nusu imeishia kwenye kukata na kung'arisha, halafu 1953 masonara wa Cartier wakalitia katikati ya ua la almasi nyeupe, pini ya kubandika kifuani. Kwenye harusi ya Charles na Diana 1981 Malkia alilivaa, dunia nzima inaangalia, na wangapi walijua hilo limetoka kwenye udongo wa Usukuma?

Sasa kuna mtu ataniambia, mzee, mgodi kaugundua Williamson mwenyewe 1940, si ampe amtakaye? Kaugundua, sibishi, na alihangaika kweli kuutafuta. Lakini mgodi hauchimbwi na mtu mmoja bwana! Kuna watu waliochimba, wakabeba, wakaosha, wakachambua juani, jiwe likaitwa Williamson. Haya, nani humu ndani anitajie jina la mchimbaji mmoja tu wa Mwadui wa mwaka ule? Mnaona mlivyonyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Na rangi yenyewe si ya kupaka. Almasi ya njano rangi yake inaletwa na naitrojeni, ya bluu na boroni, ila pinki ni mgandamizo wa huko chini sana ardhini uliopinda mpangilio wa atomi, ndiyo maana ni adimu hivyo.

Muda umenibana, ya kampuni ya almasi ya De Beers na serikali kugawana mgodi baada ya Williamson kufa 1958 tutaongea siku nyingine. Ila 2021 Mwadui imetoa pinki nyingine, karati 32.32, ikauzwa zaidi ya dola milioni 13. Walimu wa historia msiondoke kwanza, nina picha ya ile pini, nataka ibandikwe darasani.