Melodi iko wapi, armoni iko wapi: shika ekuteri tusikilize

Jambo bandugu, karibuni tena, niko hapa Bukavu na umeme umerudi sasa hivi, kwa hiyo twende mbio mbele haujakatika. Leo ni ya kusikiliza tu.

Kwanza shika ekuteri, zile za kuweka kwa masikio. Spika ya telefoni inakula besi, na bila besi hii kazi hautaiweza.

Weka rumba yoyote unayoijua, kipande kimoja tu, kata sauti, halafu uimbe kwa pua bila maneno. Chenye kilibaki kwa kichwa ndiyo melodi. Rudia, kidole kikiwa hewani, sauti ikipanda kinapanda, ikishuka kinashuka, utaona mwimbaji anatembea polepole kama mutu wa kwenye ngazi, do re mi, alafu paap, anaruka toka do mpaka sol, na mimi naona utamu wa wimbo mara nyingi uko pale pa kuruka.

Sasa muache huyo mwimbaji, shuka chini kabisa, fuata besi. Ikihama na kutulia pengine, mara nyingi akodi, zile note zenye kulia pamoja, nayo imehama. Ikikushinda, tafuta gitari ya Jean-Bosco Mwenda, yule muzee wa Katanga: kidole gumba kinapiga besi, kile cha pili kinachukua melodi juu, gitari ni moja lakini utasema ni watu wawili. Ukizoea hapo, rudi kwa sebene, kile kipande cha rumba chenye magitari yanachezesha watu. Gitari ya solo inacheza juu juu, lakini chini utakuta akodi tatu tu zinazunguka, do, fa, sol, zinarudi zinarudi. Ukihesabu nne si kosa, kuna zenye nne.

Akodi ya do, kwa mufano, ni do, mi, sol. Shusha ile mi nusu toni tu, inakuwa mineri. Watu wanasema mineri ni ya huzuni, mie siamini sana, kuna za mineri tunacheza mpaka jasho.

Tuje kwa armoni, sauti mbili tofauti zenye kuimba pamoja, hapa ndipo nilianguka. Nilipoingia korali waliniweka kwa tenori, na miezi mingi niliimba ile ile ya sopurano, nimeishusha oktavu moja, moyoni nasema hii ndiyo armoni, mpaka mama mumoja wa alto akanigeukia: "Papa, weye unatufuata tu, hautusindikize." Oktavu ni note ile ile, bandugu! Mwambie mwenzako ashike do, weye shika mi, hiyo ni tiersi, sikia vile inajaa. Gitari ya mi-solo na ile ya solo zinapenda sana kutembea hivyo.

Ya mwisho, kata wimbo mbele kidogo ya kuisha, pale akodi ya sol inalia. Unasikia vile sikio linangojea? Haya, achilia do.