Mafuta ya Nome na tishari ambalo halikufika

Ndugu zangu, leo tunazungumzia jinsi mafuta yanavyofikishwa kwenye barafu ya ncha za dunia. Wanaonifahamu wanajua nitaanza na Nome, na kweli naanza na Nome. Ni mji wa watu 3,500 hivi, pwani ya magharibi ya Alaska, usio na barabara ya kuuunganisha na miji mikubwa ya jimbo. Mafuta huletwa kwa tishari kabla bahari haijaganda, yanajazwa matangini, mji unayatumia hadi barafu iyeyuke. Novemba 2011 dhoruba ikapiga, shehena ya mwisho ikashindwa kufika, bahari ikafunga. Basi tena!

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, "Si wangepeleka kwa ndege?" Huyu mtu kila nendako namkuta. Haya, tupige hesabu. Zilitakiwa galoni milioni 1.3, karibu lita milioni 5. Ndege ya mzigo ikibeba galoni 4,000 au 5,000, hizo ni safari kama 300, tena Januari, na ndege yenyewe inakunywa mafuta. Lita ikitua pale, nani atamudu bei yake?

Ikakodiwa meli ya Urusi, Renda. Ilipakia dizeli Korea Kusini, petroli ikaichukua Dutch Harbor, humo humo Alaska. Sheria nayo ikadai haki yake: Jones Act ya 1920 hairuhusu meli ya kigeni kubeba mzigo kati ya bandari mbili za Marekani. Mji unaelekea kukaukiwa, watu wanaomba kibali! Walikipata, nashukuru. Mbele ikatangulia Healy, meli pekee ya Marekani ya kuvunja barafu ya ncha za dunia iliyokuwa ikifanya kazi wakati ule. Healy inapasua njia, barafu inajifunga nyuma yake, Renda inanasa, Healy inarudi kuinasua.

Walipokaribia Nome, katikati ya Januari 2012, ikabidi wasubiri barafu waliyoivuruga wenyewe igande upya, ili watu waikanyage na kutandaza mpira wa mafuta hadi nchi kavu. Baada ya kuilaani njia nzima! Kisha watu wakawa wanatembea kando ya mpira, wakikagua kama unavuja.

Ndiyo maana nang'ang'ania matangi ya akiba. Baridi ya Aktiki, huko kaskazini ya mbali, inajulikana. Kinachoumiza ni mji mzima kutegemea meli moja ya mwisho. Mtaniambia matangi nayo yana balaa zake, na ni kweli: Norilsk, mji wa Urusi huko Aktiki, Mei 2020, nguzo za tangi zilititia, dizeli zaidi ya tani 20,000 ikamwagika. Basi jengeni vizuri na mkague!

Antaktika napita mbio. McMurdo, kituo cha utafiti cha Marekani, hupokea mafuta kwa meli wakati wa kiangazi cha huko. Kutoka hapo hadi Ncha ya Kusini, kama kilomita 1,600 kwa njia ya barafuni, mafuta huenda kwa ndege zenye skii au matrekta yanayoburuta mifuko mikubwa ya mafuta, huku yakinywa sehemu ya mzigo wao. Barabara za barafu za Kanada nazo… naona mwenyekiti ananiangalia. Karibuni kwa maswali; la ndege nimeshalijibu.