Mwacheni Apande Treni Peke Yake
(Mazungumzo na wazazi wa wanafunzi wa bweni, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, wazazi wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha tena. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na yupo baba mmoja pale nyuma ameanza kutikisa kichwa hata sijafungua mdomo. Baba, nimekuona. Leo naanza na wewe.

Swali lake nalijua, maana ndilo ninaloulizwa kila mahali: "Mwalimu, kweli unataka binti yangu wa miaka 16 apande treni hapa Dar mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, usiku na mchana, peke yake?" Ndiyo baba, nataka. Na sisemi habari za SGR, reli mpya ya kisasa. Treni ile tangu ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, mtoto anaondoka asubuhi na chakula cha mchana anakula Dodoma. Wengi mmeshawaachia watoto waipande na hakuna aliyeniita kuniuliza. Mimi nasema reli ya kati ya zamani, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nasema na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa wenye watoto Makambako na Mbeya. Huko mtoto analala njiani, na akiamka bado hajafika.

Kuna mzazi atasema: Mwalimu, umesahau Igandu? Sijasahau. Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi ikagonga treni ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 280. Wapo waliozika ndugu zao wakiwa wamekaa humu ndani, na sitalitaja jambo hilo kwa wepesi. Lakini naomba tutenganishe hofu mbili ambazo tunazichanganya kila siku. Hofu ya ajali ni hofu ya safari. Ungekuwa umekaa pembeni ya mwanao siku ile, usingeizuia treni ile kurudi nyuma. Kama hofu yako ni ajali, basi usimpandishe na basi pia, na wewe mwenyewe ukae nyumbani. Hofu ya mtoto kuwa peke yake ni nyingine, na hiyo ina dawa. Ndiyo iliyonileta hapa.

Mwingine ananiambia dunia imebadilika. Zamani tulisafiri kwa waranti, hati ya safari iliyolipiwa na serikali, mtoto wa Bukoba anapangiwa Mtwara, wa Songea anapangiwa Mwanza, na mabehewa ya daraja la tatu yanajaa wanafunzi mpaka mlangoni. Ni kweli, tulikuwa wengi, mkubwa akimwangalia mdogo. Lakini hatukuwa na simu, na barua ya kusema nimefika salama ilifika nyumbani wakati sisi tumeshafanya mtihani wa kwanza. Wazazi wetu walitupenda vilevile. Tofauti ni kwamba walitufundisha safari kabla ya safari. Sisi leo tunampa mtoto simu, tunampa maonyo kumi pale getini, tunalia, tunaondoka.

Hayo maonyo ndiyo ninayopigana nayo. "Uwe makini." Makini na nini? "Usiongee na watu." Mtoto atakaa chumba kimoja na watu watano siku nzima na usiku kucha, asiongee nao? Watamwona ana kiburi, na akipatwa na homa hakuna atakayemjua hata jina. Mfundishe aongee na nani, juu ya nini. Mtu wa kwanza kuongea naye ni mhudumu wa behewa. Akishaweka mizigo tu, kabla treni haijaondoka, amtafute, amsalimie, amwambie: shikamoo, naitwa fulani, nipo kitanda namba fulani, nasafiri peke yangu, nashuka Tabora. Aliulize na jina lake aliandike. Dakika mbili tu, na hizo dakika mbili zina thamani kuliko maonyo yote ya getini.

Nitawapa mfano wa mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa kidato cha tano, anarudi shule, magharibi huko. Mama yake alimkatia daraja la pili kulala, chumba cha wanawake, vitanda sita. Yeye alipewa cha juu kabisa. Yalikuwa masika. Walipofika Kilosa treni ikasimama. Mnaoijua sehemu ile, kutoka Kilosa kwenda Gulwe, mnajua mto Mkondoa unavyofanya mvua zikikolea: unakula tuta, reli inabaki inaning'inia. Saa ya kwanza watu wakavumilia. Saa ya tatu giza limeingia, wauza chai wamepita mara mbili, uvumi umeanza. Mmoja anasema tutalala hapa siku mbili. Mwingine anasema treni inarudi Dar. Hakuna aliyeuliza mwenye kujua, lakini kila mtu ana habari.

Ndipo mama mmoja wa chumba kile akafunga kitenge chake, akashusha begi, akamwambia binti: "Mwanangu, twende. Kuna pikipiki hapo nje, tunatoka mpaka barabarani, tunapanda basi. Nitakulipia." Sikilizeni vizuri. Mimi siamini kwamba mama yule alikuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa mama mwema kabisa. Wazazi wengi mnawaandaa watoto kumkataa mtu mbaya, mwenye macho mekundu na pipi mkononi. Hamwaandai kumkataa mtu mwema.

Binti yule alimjibu: "Asante mama, mimi nabaki na treni mpaka mhudumu aniambie." Akashuka kitandani. Tranka lake alikuwa ameshalifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda cha chini, akamwomba bibi mmoja wa pale chini aliangalie. Akaenda kwa mhudumu, maana alimjua kwa jina, lilikuwa limeandikwa nyuma ya tiketi kwa kalamu ya bluu. Akamuuliza mambo matatu: Tatizo liko wapi? Tukihamishwa tunahamishwaje, na mizigo je? Nani anaandika majina? Mhudumu akamwambia reli imeharibika mbele, asubuhi yatakuja mabasi kuwavusha abiria mpaka ng'ambo, wakapande treni nyingine. Akamwandika jina hapohapo.

Akarudi akalala. Hebu fikirini hilo, mtoto wa miaka 17 amelala usingizi Kilosa.

Asiyelala alikuwa baba yake. Alinipigia usiku wa manane. "Mwalimu, kwa nini hakutoka na yule mama? Nina shemeji yangu Morogoro, namtuma sasa hivi na pikipiki." Nikamwambia baba, unamtoa mtoto penye taa, penye polisi wa reli, penye mhudumu anayemjua jina, kitanda chake mwenyewe na mlango unaofungwa kwa ndani, unampakia kwenye pikipiki usiku, kwenye matope, ili wewe upate usingizi? Akanyamaza. Nikasikia mama yake kwa nyuma anasema, "Mwache." Kesho yake wakavushwa. Alifika shule amechelewa siku moja, na tranka lake, na ndoo yake, na godoro lake.

Kwa hiyo nikiulizwa umri, sijibu kwa umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wewe mzazi bado una dhamana yake. Hilo halijadiliwi. Lakini ninawajua wa miaka 15 niliowaamini na wa miaka 18 nisioweza kuwatuma Kariakoo. Mimi nauliza: mwanao ameshawahi kwenda hospitali peke yake, akaeleza anaumwa nini, akarudi na dawa na risiti? Ameshawahi kupotea njia akamuuliza mtu akafika? Akiombwa kitu na mtu anayempenda, anaweza kusema hapana kwa adabu? Kama bado, usimpandishe treni mwaka huu. Anza na Morogoro, halafu Dodoma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, mambo ya mwisho nayasema haraka.

Tiketi: daraja la pili kulala, si la tatu. Najua bei. Kitanda katika chumba cha wanawake kwa binti, cha wanaume kwa kijana, na akate mapema maana shule zikifunguliwa vitanda vinakwisha. Pesa zigawanywe sehemu mbili. Kitambulisho cha shule na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Chakula cha siku ya kwanza kitoke nyumbani. Asali ya Itigi na Tabora anunue akiwa dirishani, asishuke, treni haimpigii mtu hodi ikitaka kuondoka. Kinywaji kilichokwisha kufunguliwa hapokei, hata kwa bibi. Namba 116, simu kwa mtoto, na 112 ya polisi, azijue kichwani, simu inaweza kuzima.

Na simu huzimwa na ninyi. Mnapiga kila baada ya nusu saa, betri inakwisha Dodoma. Kubalianeni nyakati: asubuhi, mchana, na kabla ya kulala. Zaidi ya hapo, yeye ndiye apige.

Nilitaka kusema juu ya vijana wa kiume, kwamba mnawaachia bila kuwafundisha chochote kwa sababu tu ni wa kiume, na ndio wanaoibiwa wakicheza karata na wageni. Muda hautoshi, tutalipangia siku yake.

Ila la kupokelewa siliachi. Treni ya mbali haina ahadi ya saa. Inaweza kumfikisha saa nane usiku. Kabla ya kukata tiketi, ujue nani atakuwa stesheni, na mtoto aione picha ya mtu huyo, na ajue kwamba kama hayupo hatoki nje ya stesheni kutafuta bodaboda. Anakaa ndani, anakwenda kwa stesheni masta au kwa polisi, anangoja kukuche. Ukikosa mtu wa kumpokea, tarehe isogezwe.

Wenye watoto wanaoripoti kidato cha tano Julai, Tabora, Kigoma na Mpanda, bakini hapa mbele. Tuandike majina, tuone ni nani na nani wanaweza kukatiwa treni moja. Baba wa pale nyuma, na wewe ubaki.