Tangi Kavu Kwanza

Shikamooni wakubwa, na nyinyi vijana wa gereji, habari za kazi.

Niondoe kwanza swali la kuendesha magari kwa mawese, maana lisipoondoka hapa Kigoma hatusogei. Mawese, na ile mbono iliyopigiwa debe miaka ile, ni habari ya injini ya dizeli. Leo tunazungumzia ethanoli, yaani spiriti ya wanga wa muhogo au molasi ya miwa. Hiyo ni ya injini ya petroli: IST, Noah, bajaji, bodaboda. Mwenye Fuso apumzike.

Na si gongo! Naona kuna aliyekwisha kucheka. Gongo, hata iwashe koo namna gani, imejaa maji. Ukiwa na mtambo mzuri utachemsha mpaka ufike asilimia 95 hivi, halafu itagoma. Endelea kuchemsha mpaka kesho, haivuki, kwa sababu hapo maji na spiriti hupanda pamoja kwenye mvuke kwa uwiano uleule. Kinachobaki hutolewa kwa kupitisha mvuke huo kwenye punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, zinazonasa maji na kuiacha spiriti ipite. Brazil wanauza sheli spiriti yenye maji kidogo, sawa, lakini hiyo huingia tangini peke yake, kwenye magari yaliyoundwa kuipokea. Ya kuchanganya na petroli iwe kavu, zaidi ya asilimia 99.

Sasa ugomvi wangu. Kila mahali swali ni moja: "Itaua injini?" Kwa mchanganyiko wa asilimia 10, yaani ethanoli 10 na petroli 90, injini ya kawaida haina neno. Ulizeni tangi!

Mchanganyiko huo unabeba maji kama nusu ya asilimia moja tu. Kwenye tangi la lita 40 ni mililita 200, glasi ndogo ya chai. Yakizidi, ethanoli inaiacha petroli, inashikana na maji, na vyote vinazama. Pampu inanyonya chini. Gari linakohoa, linazima. Petroli iliyobaki juu nayo imepungukiwa oktani, yaani ule uwezo wa kuzuia injini isigonge, kwa hiyo hata ukifanikiwa kuwasha, injini inagonga ukipanda Mwanga. Dereva anaongeza petroli akitumaini vitachanganyika. Thubutu! Mwaga vyote, kausha, anza upya.

Mtasema ni hewa ya ziwani. Hewa inaleta maji kidogo, na polepole. Maji mengi yamo tayari, chini ya tangi lako, tangu mwaka juzi. Petroli tupu huyaelea, hukuyaona. Mengine yanatoka kwenye pipa la muuzaji linalokaa nje masika yote kifuniko kikiwa kimelegea.

Kwa hiyo, kabla ya lita ya kwanza: shusha tangi au fungua nati ya chini, mwaga mpaka tone la mwisho, futa, kausha. Weka filta mpya. Ukimaliza tangi la pili, badilisha filta tena, usinibishie, kwa sababu ethanoli inaosha. Gundi na kutu vilivyolala miaka kumi vitang'oka na kwenda kuziba filta, kisha mtu aseme mafuta ni mabaya. Kwenye kabureta za zamani kagua mipira na gasketi za koki (ile ya vizibo vya chupa, si ya bomba): mpira wa asili unavimba, koki inakauka na kuvuja. Agiza za vitoni, mpira wa kiwandani unaoistahimili ethanoli. Na gari la kukaa miezi bila kutembea, liachie petroli tupu.

Faida? Ethanoli ina oktani ya juu, zaidi ya 105, hivyo inapunguza kugonga. Ina oksijeni ndani yake, hivyo kabureta inayomwaga mafuta mengi inachoma vizuri zaidi na sumu ya kaboni monoksaidi inapungua. Nguvu ya ziada msitegemee. Atakayewaahidi hiyo anauza kitu. Nishati yake kwa lita ni kama theluthi mbili ya petroli. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litapoteza, kwa mchanganyiko wa asilimia 10, kilomita 16 hivi kwa tangi la lita 40. Bei ikishuka kwa zaidi ya asilimia 3 na nusu, umepata. Isiposhuka, hukupata.

Na chakula je? Hesabu. Tani ya muhogo mbichi inatoa kama lita 160. Asilimia 10 ya tangi ni lita 4, yaani kilo 25 za muhogo, nusu mfuko wa saruji. Si haba, lakini si njaa ya Kasulu nzima. Petroli yote tunayochoma ni ya kuagizwa nje, na kutoka Dar mpaka hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ila ukichemshia kuni za miombo umeharibu hesabu yote. Vifuu vya mise, yaani kokwa za chikichi, na makapi ya chikichi vimejaa Kigoma, vinawaka vizuri. Kibali ni lazima, na spiriti itiwe petroli palepale kiwandani isinyweke.

Naonyeshwa saa. La Brazil na asilimia zao 30 za ethanoli kwenye petroli tuliache.

Meza ya nyuma kuna sirinji kubwa. Vuta maji mililita 10, kisha mchanganyiko mililita 90, tikisa, isimamishe dakika chache. Maji ya chini yakipanda mpaka karibu 19, ethanoli ni asilimia 10 kweli. Yakibaki 10, umeuziwa petroli tupu. Sigara zote nje, tafadhali.