Fuwele na utando wa oksidi ya zinki kwa kimiminika cha kolini na urea: fuateni nami

Jambo yenu! Jambo kwa wanafunzi wa kemia wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na walimu wao pia. Leo tunatengeneza fuwele za oksidi ya zinki, kisha utando wake juu ya kioo. Hatuna mtungi wa chuma wa presha, hatuna asidi kali. Tuna chumvi iliyogeuka maji, basi.

Vimiminika vya ioni ni chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100. Mkemia Paul Walden alieleza moja tangu mwaka 1914. Hiki chetu ni ndugu yao wa karibu: kolini kloridi na urea. Kolini peke yake inataka nyuzi 302 ndiyo iyeyuke, urea inataka 133. Ukiziunganisha, sehemu moja ya kolini kwa mbili za urea kwa hesabu ya moli (yaani kwa idadi ya chembe, si kwa uzito), mchanganyiko unabaki majimaji hata ukipoa hadi nyuzi 12. Andrew Abbott na wenzake wa Leicester, Uingereza, walilichapisha jambo hilo mwaka 2003. Mwaka uliofuata kundi la Russell Morris, kule St Andrews, likaonyesha kwamba ndani ya vimiminika vya namna hii mtu anaweza kukuza fuwele za jamii ya zeoliti, yaani madini yenye vitundu vidogo sana ndani. Na uzuri wake ni huu: havitoi mvuke wa kutajika. Hakuna presha inayopanda, chombo kinakaa wazi mezani. Kwa labo zetu hilo ni jambo kubwa sana, ndiyo maana siachi kulisema.

Miwani, glavu. Vaeni, tuendelee.

Pima kolini kloridi gramu 28, urea gramu 24. Urea iwe safi ya labo. Ile ya mbolea ina vumbi na rangi, mimi siitumii. Na kolini, nisikilizeni vizuri: IKAUSHWE. Kolini inavuta unyevu wa hewa haraka mno. Miezi hii ya mvua, ukiacha kopo wazi huku unatafuta kijiko, inaanza kushikamana mabonge. Nasogeza kamera. Munaona hizi chembe za pembeni zinavyong'aa? Hiyo si kolini tena peke yake, ni kolini na maji. Maji yakiingia sasa, zinki itakataa kuyeyuka vizuri baadaye. Kausha kwenye furu (tanuri), funga kopo, fungua dakika ya kupima tu. Ninauza kolini iliyokwisha kukaushwa, kwenye vichupa vilivyofungwa kwa nta. Anayehitaji aniandikie chini ya video.

Mimina zote mbili kwenye bika kavu, weka juu ya kikoroga cha sumaku, nyuzi 80. Mwanzoni ni unga mkavu juu ya unga mkavu, na mtu anaweza kudhani hakuna kitu. Subira. Pembeni panaanza kulowa, kisha katikati panazama, na baada ya muda bika lote linakuwa angavu, zito kama asali.

Joto lisipite 80. Ukisikia harufu ya amonia, urea imeanza kuvunjika: punguza moto mara moja, fungua dirisha.

Sasa oksidi ya zinki, gramu 0.3. Kwa nini zinki, na sisi ni watu wa shaba? Kwa sababu kilo moja ya kimiminika hiki inabeba gramu 8 hivi za oksidi ya zinki kwenye nyuzi 60, wakati oksidi ya shaba inayeyuka kidogo mno. Na zinki si mgeni kwetu, mgodi wa zinki wa Kipushi uko hapo tu. Nyunyiza polepole, usivute pumzi juu ya unga, koroga…

Ngoja. Umeme umekatika. Sawa, musizime video. Nina karai la mchanga juu ya mbabula, jiko letu la makala (makaa), moto uko tayari. Ninazamisha bika ndani ya mchanga, kipimajoto ndani, na nakoroga kwa kijiti cha kioo. 74… 77… inatosha, ninalisogeza pembeni kidogo. Mchanga unashika joto vizuri, tena mimi nauamini kuliko sahani ya umeme.

Tazameni chini ya bika. Kuna chembe nyeupe, moja, mbili, pale. Bado. Tusiendelee mpaka ziishe, maana chembe isiyoyeyuka itabaki unga ule ule wa dukani na kuharibu fuwele mpya. Naendelea kukoroga. Haya, sasa pako safi.

Hapa ndipo maji yanaitwa. Maji yaliyochujwa, mililita 300, nyuzi 70. Vuta kimiminika kwa sirinji, kidondoshe ndani ya maji TONE KWA TONE huku mwenzako anakoroga kwa nguvu. Tone kwa tone, jamani. Ukimwaga kwa mkupuo utapata mabonge, na mabonge hayarudi nyuma. Zinki inakaa ndani ya kimiminika kwa sababu kolini na urea zimeizunguka. Maji yakija kwa wingi yanazichukua, zinki inaachwa peke yake, inajikusanya kuwa fuwele. Tazameni: ukungu mweupe. Tone… ukungu. Tone… ukungu. Mimi hapa sichoki kutazama.

Kwa utando, chovya kioo kilichooshwa kwa alkoholi ndani ya kimiminika chenye zinki, kikiwa bado cha moto. Kiache kichuruzike, kisha kizamishe polepole kwenye maji ya nyuzi 70, kikiwa kimelala. Musikitikise. Musikitikise! Utando mbichi unatoka kwa mguso wa kidole.

Unga uchuje, uoshe kwa maji halafu kwa alkoholi, uukaushe. Kisha unga na kioo viingie furu ya nyuzi 400, kwa sababu urea inaweza kuwa imeacha kaboneti kidogo ya zinki, na joto hilo linaivunja. Fungua mlango wakati bado ni moto: unga ni wa manjano! Musiogope. Oksidi ya zinki inakuwa ya manjano ikipata joto na inarudi nyeupe ikipoa. Ikibaki na rangi baada ya kupoa, kuna uchafu, rudia kuosha.

Maji ya uchujaji wa kwanza musiyamwage. Yana kolini na urea yenu yote. Yawekeni mahali pa nyuzi 60, yapungue polepole, na mutapata tena kimiminika cha kuanzia upya. Kikaushe vizuri kabla ya kukitumia.