Cheti cha Mwinuko: Namba Mbili za Kutazama Kabla Hujalipa
Mhadhara kwa Waswahili wanaonunua nyumba Houston, Texas

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Nimeombwa niseme juu ya bima ya mafuriko. Bima ina mambo mengi, kwa hiyo leo nitabaki kwenye karatasi moja tu: cheti cha mwinuko.

Kwanza, eneo lenyewe. FEMA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia maafa, huchora ramani za mafuriko. Nyumba ikiangukia kwenye eneo linaloanza na herufi A au V, na mkopo wako uko chini ya sheria za serikali kuu, benki lazima ikudai bima. Maana ya eneo hilo ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko makubwa. Watu huyaita mafuriko ya miaka 100, halafu wanastarehe. Msistarehe. Katika miaka 30 ya mkopo, uwezekano wa kufikiwa walau mara moja ni kama asilimia 26. Waulizeni watu wa mtaa wa Meyerland hapa Houston, kando ya mkondo wa Brays Bayou: 2015 maji, 2016 maji, 2017 kimbunga Harvey.

Sasa cheti. Ni fomu ya FEMA inayojazwa na mpima ardhi mwenye leseni, au mhandisi au msanifu majengo anayeruhusiwa na sheria za jimbo. Anakuja na vyombo, anapima mwinuko wa nyumba na ardhi yake, anapiga picha za nyumba, anagonga muhuri wake. Wakala wa bima hawezi kukujazia, wala yule fundi aliyekagua nyumba kabla hujainunua.

Ukishaipata, nenda sehemu B, utafute kimo cha maji yanayotarajiwa. Kisha shuka sehemu C, mstari wa C2. Hapo kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza, herufi a, ni uso wa sakafu ya chini kabisa. Ya pili, herufi f, ni ardhi ya chini kabisa inayogusa nyumba.

Tuchukue mfano. Maji yanatarajiwa kufika futi 52.0, zikihesabiwa kutoka usawa wa bahari. Sakafu yako iko 53.2. Umepita kwa futi 1.2, na hilo linaweza kukupunguzia malipo ya bima. Lakini kule nyuma, kwenye kona ya kiyoyozi, ardhi iko 51.4. Ukiiomba FEMA barua ya kuitoa nyumba kwenye eneo la hatari, hawaangalii sakafu yako nzuri. Wanaangalia ile kona, nayo imepungua sentimita kumi na nane hivi. Watakataa. Na tafadhali, usikimbilie kuagiza lori la kifusi! Ukiinua ardhi kwa kujaza, ombi lako linageuka la aina nyingine: lina ada, na jiji au kaunti lazima itie saini. Ombi la ardhi ya asili, FEMA hawalitozi kitu. Unachogharamia ni mpima.

Na hata barua ikitoka, benki bado ina haki ya kukudai bima. Kwa maoni yangu, hata benki ikikuachia, endelea nayo. Nyumba nyingi zilizoingia maji wakati wa Harvey zilikuwa nje ya eneo la hatari kwenye ramani, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko.

Kuna anayeuliza moyoni: cheti ni lazima? Kwa kukadiria bei ya bima ya mafuriko ya serikali, si lazima tena. Utaratibu mpya ulianza Oktoba 2021, na FEMA hukadiria wenyewe kimo cha sakafu. Ukiwapelekea cheti, wanatumia kile kinachokupa nafuu. Ndiyo maana nawashauri wenye nyumba za zamani zilizosimama juu ya nguzo wasikipuuze. Mwenye nyumba ya zege lililomwagwa juu ya ardhi tambarare, fikiria kwanza kabla hujatoa mamia ya dola.

Jambo moja la hapa kwetu. Ardhi ya Houston imekuwa ikididimia kwa sababu ya maji mengi yaliyovutwa kwa pampu kutoka chini ya ardhi. Kwa hiyo alama anazopimia mpima hurekebishwa, na cheti huandika ni marekebisho ya mwaka gani. Ukiwa na cheti cha zamani mkononi, usiweke namba yake kando ya ramani mpya kabla mpima hajakuthibitishia kwamba vipimo vinalingana.

Kabla ya kumwita mpima, muulize muuzaji kama anacho. Kisha nenda ofisi ya jiji inayosimamia maeneo ya mafuriko, au ya kaunti kama uko nje ya mipaka ya jiji; mara nyingi wanazo nakala, hasa za nyumba mpya. Kama nyumba imeongezwa chumba au gereji imegeuzwa sebule, nakala hiyo haikufai, utapima upya.

Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni. Bima ya serikali, ukiinunua mwenyewe nje ya siku ya kukamilisha mkopo wa nyumba, kwa kawaida husubiri siku 30 ndipo ianze kazi. Hesabuni kuanzia leo. Haya, maswali, tuanze na mama pale nyuma.