Namna ya Kugawa Pumzi Katika Dakika 6 za Mieleka

Karibuni tena mkekani. Leo hatujifunzi kumpiga mtu mwereka. Tunajifunza kufika dakika ya sita ukiwa bado na miguu ya kumfuata mpinzani. Nazungumzia mieleka ya mtindo huru, ile ya Olimpiki: vipindi viwili vya dakika 3, na kati yake mapumziko ya sekunde 30.

Kwanza shika hili, maana mengine yote yanatoka hapa: pumzi yako huilindi kwa kupumzika, unailinda kwa kumfanya mwenzako atumie yake kwanza. Ukirudi nyuma tu bila kushambulia, refa atakuonya. Ukiendelea hivyo, unawekewa sekunde 30, na zikiisha bila yeyote kupata pointi, mwenzako anapewa 1 ya bure.

Hatua ya kwanza ni dakika ya kwanza. Vijana wengi huingia kwa pupa, wanamaliza nguvu zote mapema. Nguvu ya mlipuko iliyomo kwenye misuli hudumu sekunde 10 hivi. Ukilazimisha zaidi, miguu inaanza kuwaka na kuwa mizito. Kwa hiyo tumia dakika hiyo kumbebesha uzito.

Tazama hapa kwa karibu. Mkono wangu wa kulia uko nyuma ya shingo yake, lakini sivuti kwa vidole. Kiwiko nimekishusha mpaka kimegusa kifua chake, na uzito wa mwili wangu unaning'inia hapo. Paji la uso wangu limekaa chini ya sikio lake. Sasa shingo yake inabeba kichwa chake na mimi pia. Ukishika kwa nguvu za vidole, vigasha vyako vitakufa kabla ya mapafu, na mikono ikishakufa hata mguu ulioukamata unaponyoka.

Hatua ya pili: shambulia kwa mafungu. Msukume, mvute, ingia miguuni, maliza. Sekunde tano au sita za nguvu kamili, halafu rudi shingoni umlalie. Hapo kwenye shingo ndipo unapovuta pumzi, na yeye bado anafanya kazi. Ukiingia miguuni akakulalia mgongoni, usiung'ang'anie mguu. Ona nilivyo hapa: kichwa kiko chini, kifua chake kiko juu yangu, kila sekunde namnyanyua mtu mzima. Jaribu mara moja kubadili pembe, ikishindikana, toka.

Mtazame pia yeye. Mdomo umeachia wazi? Refa akipuliza, anachelewa kuinuka, anashika kiuno, anahangaika na kamba za viatu? Wewe rudi katikati haraka, simama ukimsubiri. Akikuona hivyo anachoka mara mbili.

Mapumziko ya sekunde 30 usiketi ukajikunja. Simama wima, vuta hewa kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Makocha, nawaomba sana: mwambieni mchezaji wenu jambo moja tu. Mtu mwenye mapigo ya moyo ya juu vile hasikii mambo matano.

Kipindi cha pili ndipo unapovuna. Tokyo, Agosti 2021, uzito wa kilo 57, Ravi Dahiya wa India alikuwa nyuma 2 kwa 9 kwenye nusu fainali mbele ya Nurislam Sanayev wa Kazakhstan. Aliendelea kumwandama mpaka akambana mabega chini, pambano likaisha hapo. Kwenye mashindano hayohayo, fainali ya kilo 125, Gable Steveson wa Marekani alikuwa nyuma 5 kwa 8 sekunde za mwisho, akamwangusha Geno Petriashvili wa Georgia mara mbili kabla ya muda kuisha. Ukiwa wewe ndiye unayeongoza, basi jua mwenzako anakuja hivyo: usikimbilie ukingoni, maana ukitoka nje ya duara anapata 1. Shuka chini, kichwa kifuani pake, na umsukume.

Pumzi hii haipatikani kwa kukimbia barabarani peke yake. Mbio ndefu ni msingi mzuri, fanya, lakini zoezi lenyewe ni hili. Mmoja akae katikati ya mkeka. Kila sekunde 30 aingie mwenzake mpya ambaye hajachoka, mpaka dakika 3 zitimie. Pumzika sekunde 30, rudia dakika 3 nyingine. Wa katikati haruhusiwi kurudi nyuma. Fanya mara mbili kwa wiki, siku ambazo hazifuatani, na wiki ya mashindano punguza ili miguu ipone.

Mwisho, mizani. Kwenye mashindano ya kimataifa uzito hupimwa asubuhi ya siku unayopigana, kwa hiyo ukijikausha kwa kutoka jasho usiku kucha, unapanda mkekani bila maji mwilini. Shusha kilo polepole wiki kadhaa kabla. Ukishapimwa, kunywa maji kidogo kidogo yenye chumvi na sukari, kula ndizi au uji mwepesi, na nyama iache mpaka mapambano yaishe.